Tunawaambia "maziwa ni ya watoto", halafu tunashangaa wakikua wanayakataa

Mangi_wa_Pasua (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Binti yangu ana miaka kumi, yuko darasa la tano. Wiki iliyopita alianguka kwenye mparachichi kwa bibi yake Kibosho akavunjika mkono. Msianze kumlaumu bibi, mtoto alikatazwa akapanda. Tukampeleka hospitali, akafungwa hogo, na daktari akasema wazi kwamba kwa urefu ule hata mkono wa mtu mzima ungevunjika. Kwa hiyo sijaja hapa kusema amevunjika kwa kukosa maziwa.

Kilichonileta ni swali alilotupa yule daktari wakati anaandika. Aliuliza, "Maziwa anakunywa?" Mama yake akawahi: "Ndiyo, kila siku, kwenye chai." Daktari akainua macho. "Kwenye sufuria mnaweka maziwa kiasi gani?" Robo lita. "Inatoa vikombe vingapi?" Sita. Akatabasamu, akaendelea kuandika, hakuongeza neno.

Njiani kurudi nikapiga hesabu kichwani. Robo lita gawanya kwa sita. Vijiko vitatu vya mezani, basi. Hayo ndiyo maziwa anayokunywa mwanangu "kila siku".

Sasa sikilizeni aibu yenyewe. Huo mparachichi aliopanda umeegemea banda la ng'ombe! Bibi yake ana ng'ombe wa maziwa, anamkatia majani, anampa migomba, anakamua asubuhi na jioni. Mtoto kaanguka mita mbili kutoka kwenye maziwa, na hajui ladha yake.

Jioni hiyo nikanunua lita moja, nikachemsha mwenyewe, nikamwekea kikombe mezani. Akakitazama kama dawa ya minyoo. "Baba, si ulisema maziwa ni ya watoto? Mpe Junior."

Nikakumbuka. Junior alipoachishwa ziwa, huyu dada mtu alikuwa na miaka sita. Kila akifungua friji tulikuwa tunamkemea: hayo ya mtoto, usiguse, wewe umeshakuwa mkubwa. Na mimi mbele yake mezani nina soda baridi, kila siku ya Mungu. Mtoto gani hataki kuwa mkubwa? Akaacha maziwa, akaanza kuisubiri ile soda yangu inayobaki chini ya chupa.

Nauliza wenzangu wa Moshi na Arusha, nyumbani kwenu nani anakunywa maziwa? Sisemi yananunuliwa au hayanunuliwi. Nani anayanywa, na watoto wanamwona?

---

Chalii_wa_Sakina

Oya mangi umetupiga kofi la uso wengi. Nimesoma nikaenda kufungua friji langu: soda mbili, maji, na limao limekauka mpaka linagonga kama gololi. Naweka kambi hapa, wajuzi waje.

---

Mama_Lishe_Tengeru

Jina lisiwachanganye, mimi ni mama lishe wa kwenye zahanati, siyo wa wali maharage.

Mleta mada, nakupa kitu ambacho daktari hakupata muda wa kukueleza. Kwa viwango vya FAO na WHO, yale mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, mtoto wa miaka 4 hadi 6 anahitaji kalsiamu kama miligramu 600 kwa siku. Wa miaka 7 hadi 9, miligramu 700. Halafu kuanzia 10 hadi 18 inaruka mpaka 1,300. Inaruka karibu mara mbili! Ndiyo miaka wanayorefuka, sketi ya shule ya Januari ikifika Septemba iko juu ya magoti. Msichana akifika miaka 18, karibu asilimia 90 ya uzito wa mifupa atakayokuwa nayo utu uzimani imeshajengwa. Mvulana anachelewa kidogo, kama miaka 20.

Sasa angalia sisi tunavyofanya. Mtoto akiwa mdogo, hitaji lake likiwa dogo, maziwa yote yake. Akifika umri ambao mifupa inadai kama mkopo wa kausha damu, tunamwambia umeshakuwa mkubwa, mwachie mdogo wako. Binti yako ametimiza miaka kumi, yaani ndiyo kwanza deni limefunguliwa.

Kikombe cha mililita 250 za maziwa ya ng'ombe kina kama miligramu 300. Kile cha chai yenu, kwa hesabu yako mwenyewe, kina 50. Mnaonaje hapo?

Na kuhusu soda yako: Marekani kuna utafiti ulichapishwa 2001, waliwaangalia mabinti wa miaka mitano na mama zao. Mama anayekunywa maziwa mara kwa mara, bintiye naye anakunywa zaidi, na soda kwa huyo binti inapungua. Mimi sikuhitaji waende Marekani kwa hilo, nina mabinti watatu. Wa kwanza alianza kunywa chai ya rangi bila sukari akiwa na miaka saba kwa sababu mimi nilikuwa napunguza mwili.

Ila usije ukamshikia kiboko na kikombe. Ukilazimisha, atashika pua ameze leo, na kesho atatapika akiona sufuria. Weka mezani, kunywa chako, nyamaza.

---

Msemakweli_Unga_Limited

Samahani wakuu, huu uzi naona ni wa watu wenye friji. Mimi nina watoto wanne. Lita hapa mtaani ni elfu mbili. Kila mtoto kikombe kimoja kwa siku ni lita nzima, mwezi ni elfu sitini. Hiyo kwangu ni kodi ya chumba. Mzazi haamui hapo, mfuko ndio unaamua. Tusiwabebeshe watu dhambi ambazo si zao.

---

Dada_wa_Kiboriloni

Msemakweli una haki yako na sitabishana na mfuko wa mtu. Lakini nina duka, nakwambia ninachokiona dirishani. Soda ya chupa kwangu ni 700. Robo lita ya maziwa ni 500. Mzazi anayekuja kulalamika maziwa ghali ndiye Jumamosi anachukua soda nne na biskuti kwa ajili ya "watoto nao wafurahi". Sisemi ni wewe. Ila furaha ya mtoto tumeiweka kwenye chupa yenye gesi, maziwa tumeyaweka kundi moja na panado, kitu cha mtu mgonjwa.

Halafu kuna dagaa. Hapo soko la Mbuyuni wamejaa. Dagaa analiwa na mifupa yake, ndiyo maana ana kalsiamu nyingi ajabu. Na mtoto anakataa dagaa kwa nini? Kwa sababu amesikia watu wazima wakisema "tumeishiwa mpaka tunakula dagaa". Tukishawatukana dagaa mbele ya watoto, unategemea watoto wawaheshimu?

---

Mama_Lishe_Tengeru

Dada umenena. Na Msemakweli asiondoke, wewe ndiye ninayekutaka. Dagaa wakavu wa gramu 100 wana zaidi ya miligramu 1,000. Kiganja kimoja kwenye mboga tayari umefanya kazi ya kikombe cha maziwa na chenji inabaki. Toa vichwa kama vina mchanga au vinachachuka, mgongo uache. Mtoto mdogo msagie, umwagie kwenye uji au kwenye maharage, hatajua.

Sukuma wiki nayo ni nzuri, kalsiamu yake mwili unaichukua vizuri. Spinachi msiitegemee kwa hili, kalsiamu imo lakini imeshikwa na kitu kinaitwa oksalati, mwili unaambulia kidogo sana. Mchicha nao una oksalati nyingi. Muendelee kula, una faida nyingine.

Halafu kuna mtu kaniuliza inboksi kama jua linatosha kwa kuwa lina vitamini D. Jua halileti kalsiamu, linausaidia mwili kutengeneza vitamini D, nayo inasaidia kuichukua ile kalsiamu iliyoliwa. Nigeria wana jua kama letu, lakini utafiti uliochapishwa 1999 ulionyesha watoto wenye matege kule walipona vizuri zaidi kwa kalsiamu kuliko kwa vitamini D peke yake. Jua walikuwa nalo, sahani ndiyo ilikuwa tupu.

---

Ole_wa_Ngaramtoni

Nimecheka sana huko juu. Eti maziwa ni ya watoto! Kwetu ukimwambia hivyo morani atakuuliza kama umelewa. Morani hanywi maziwa peke yake, ni mwiko, lazima awepo rika lake anywe naye. Sasa fikiria mtoto wa miaka mitano yuko pembeni anawaona hawa wanaume wakubwa, warefu, wenye mikuki, wanapokezana kibuyu. Nani atamlazimisha kunywa? Yeye ndiye anasumbua apewe.

Yeyo wangu, yaani mama, kibuyu alikuwa anakisafisha kwa kijinga cha mti wa oloirien, maziwa yanakuwa na harufu ya moshi. Nikienda nyumbani mpaka leo namwomba hayo kwanza kabla ya salamu haijaisha. Wanangu wa mjini niliwapa wakasema "baba haya yameungua". Nikajua nimepoteza kitu. Sasa kila Jumapili ni loshoro, mahindi na maziwa mgando, na tunakula kwenye sinia moja. Mwezi wa kwanza walikuwa wanachokonoa mahindi. Sasa hivi nikichelewa nakuta sinia limelambwa.

---

Kitukuu_cha_Meku

Ole tuletee na sisi hicho kibuyu basi.

Swali: mimi nikinywa maziwa freshi tumbo linaunguruma kama pikipiki isiyo na ekzosi. Na mwanangu naye hivyo hivyo. Tunywe tu kwa sababu ya uzi?

---

Mama_Lishe_Tengeru

Hapana, usijitese. Sukari ya maziwa, laktosi, watu wengi wazima hawawezi kuisaga. Mwaka 2007 watafiti waliopima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan waligundua kwamba jamii za wafugaji hapa kwetu zina mabadiliko yao wenyewe ya kijenetiki yanayowawezesha kunywa maziwa mpaka uzeeni, tofauti kabisa na yale ya Wazungu. Kwa hiyo Ole anaringia kitu cha kwenye damu, mwacheni.

Wewe jaribu mtindi. Bakteria wakigandisha maziwa wanakula sehemu ya hiyo sukari, kalsiamu inabaki palepale. Anza na nusu kikombe pamoja na chakula. Lakini angalia, mtoto mdogo mara nyingi hana tatizo hilo, yeye anakuiga wewe kushika tumbo. Mpe siku ambayo hakuoni.

---

Keni_la_Alfajiri

Mimi ndiye yule mtu wa bodaboda mnayemsikia saa kumi na mbili asubuhi. Nakusanya maziwa vijiji vya juu huko, napeleka kituoni. Sijasoma lishe lakini nina nyumba karibu thelathini kwenye mzunguko wangu na nazijua kwa maziwa yake.

Kuna aina mbili za mama. Wa kwanza anachota kikombe cha watoto kabla sijafika. Nikija nakuta sufuria ndogo iko jikoni imefunikwa, keni langu napimiwa kilichobaki. Wa pili ananipimia yote, anapiga hesabu, halafu nikishafunga mfuniko ndiyo anakumbuka, "Ai, watoto!" Na hapo laktomita, kile kipimo cha maziwa, imeshasoma, lita zimeshaandikwa, anaona tabu kurudisha. Watoto wa huyu wanakunywa chai ya rangi mwaka mzima na ng'ombe anapumua dirishani.

Simlaumu, mwisho wa mwezi kituo kinalipa na ada inasubiri. Nasema tu nilichokiona. Kikombe kikichotwa baada ya keni, hakichotwi.

Bibi wa mleta mada kama yuko njia ya Kibosho inawezekana nampitia mimi, hahaha. Mkuu mwambie achote kabla.

---

Mwalimu_Mstaafu_Machame

Vijana, shikamoo zenu nimezipokea.

Huyu wa keni amegusa penyewe. Zamani kwetu ng'ombe alikuwa wa baba lakini maziwa yalikuwa ya mama, yeye ndiye aliyeyagawa. Yalipoanza kuwa fedha, mgawo ukabadilika. Akina mama wa Nronga, hapa Machame, waliliona mapema, wakaanzisha chama chao cha maziwa 1988, wanauza wenyewe na hela inarudi kwa wenyewe. Baadaye maziwa yao yakafika hadi shuleni, watoto wakawa wanakunywa darasani. Na mtoto akiona wenzake arobaini wanakunywa, hata yule aliyekuwa ananuna nyumbani anamaliza.

Lakini nina ugomvi na wazazi wa siku hizi. Mnapeleka mtoto bodi ana miaka saba. Siku ya kutembelea mnakuja na gari limejaa. Nimekaa shuleni miaka mingi, nimeyaona hayo masanduku yakifunguliwa: soda, juisi za pakiti, bisi, keki. Katika miaka yote niliona mzazi mmoja tu aliyeleta mtindi, alikuwa bibi mzee kutoka juu huko, kauleta kwenye chupa ya chai na kijiko chake. Wenzake yule mjukuu walicheka. Mjukuu akaunywa wote, amesimama, mbele yao. Sijui yuko wapi leo yule mtoto, ila natumaini bado ana meno.

---

Mrembo_Usa_River

Mwalimu umegusia meno. Naombeni msaada, mwanangu meno ya mbele yametoka na madoa ya kahawia. Mama mkwe anasema nilikuwa simpi maziwa. Nimemnywesha mpaka nimechoka na hayatoki.

---

Mama_Lishe_Tengeru

Pole mdogo wangu, mwambie mama mkwe kwa heshima zote kwamba hilo si maziwa, ni maji. Ni floraidi, madini yaliyomo kwenye maji. Ukanda wote huo wa Usa, Maji ya Chai, Ngare Nanyuki, maji yanatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru na floraidi iko juu. WHO wanataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo huko vinavyopita hapo kwa mbali. Doa linaingia jino likiwa bado ndani ya fizi linatengenezwa, likishatoka hakuna maziwa ya kulifuta.

Kuchemsha hakuitoi, maji yanapungua yenyewe inabaki. Kama unaweza kukinga ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupika, hasa kwa mtoto chini ya miaka minane, fanya hivyo. Na magadi kwenye kande acha, huku kwetu nayo yana floraidi.

Maziwa uendelee kumpa, lakini kwa ajili ya mifupa. Anayekosa kalsiamu ndiye floraidi inamuumiza zaidi mifupani. Na usimnyweshe "mpaka uchoke". Mtoto mdogo akipita nusu lita kwa siku anashiba maziwa, anakataa chakula, anaishiwa damu, kwa sababu maziwa hayana madini ya chuma ya kutosha. Na kwa anayesoma hapa ana mtoto chini ya mwaka mmoja: wa kwako ni ziwa la mama, ng'ombe asubiri.

Na chemsheni wote! Brusela ipo, ugonjwa unaotoka kwa ng'ombe kupitia maziwa mabichi. Kuchemsha hakuui kalsiamu, msidanganywe na wale wa "maziwa mabichi ndiyo yana nguvu".

---

Chalii_wa_Sakina

Nilikuja kucheka, sasa nimeandika orodha ya sokoni. Dagaa, mtindi, sukuma. Limao nimetupa.

---

Mangi_wa_Pasua

Wakuu nimerudi, wiki ya tatu leo. Nimesoma kila mmoja, ahsanteni, hasa mama lishe asiye wa wali.

Yaliyotokea ni haya. Soda nimeitoa mezani. Sijaapa kuiacha, nikitaka nanywa huko huko kazini. Jioni nikawa najiwekea kikombe cha maziwa ya moto na tangawizi kidogo, nakaa, nakunywa, simwambii mtu kitu. Nawaambia ukweli, sikuwa nayapenda. Siku mbili za kwanza tumbo lilinisema, nikahamia kwenye mtindi kama mlivyomwelekeza yule mwenzangu wa ekzosi.

Siku ya nne binti akauliza, "Baba unaumwa?" Nikamwambia hapana. Akaniangalia, akaenda zake.

Bibi yake nilimpigia, nikamsomea ile habari ya keni. Akakaa kimya, nikadhani nimemuudhi. Akasema, "Wewe mwenyewe nilikuwa nakuchotea kabla. Ulikuwa unamwaga kwenye shina la kahawa." Nikakosa cha kujibu. Sasa chupa ya lita moja inashuka na gari la Kibosho Jumamosi na Jumatano, nailipia kama mteja mwingine, tumekubaliana hivyo asipungukiwe.

Dagaa imekuwa vita, sitawadanganya. Mama yao alisaga akamwagia kwenye maharage kama tulivyoshauriwa, Junior akala, dada mtu akanusa sahani kama mbwa wa polisi akasema "kuna samaki humu". Tumeweka silaha chini kwanza.

Ila juzi usiku nilikuwa nimechoka, nikaenda kulala nimeacha mtindi wangu mezani karibu wote. Asubuhi nakuta kikombe kiko tupu. Nikauliza nani amekunywa. Junior akamtaja dada yake papo hapo, hana siri yule. Dada mtu ananitazama na hogo lake limejaa majina ya darasa zima, akasema: "Si uliacha? Na usiweke tangawizi kwenye mtindi baba, inaharibu."

---

Keni_la_Alfajiri

Mkuu, hiyo chupa inayoshuka Jumatano ndiyo maana kwa yule bibi siku hizi napimiwa lita pungufu! Nilikuwa nahisi ng'ombe anakaukia.